Kilomita Nane kwa Lita

Mnunuzi alilizunguka gari mara mbili, akalipiga teke gurudumu la mbele, kisha akauliza swali ambalo wanunuzi wote huuliza.

"Linakunywa kiasi gani?"

Mwenye gari akatazama pembeni. Alikuwa dereva wa mradi mmoja kwa miaka thelathini, na mradi ulipofungwa, wakubwa walipanda ndege, yeye akaachiwa gari badala ya kiinua mgongo. Lilikuwa gari kubwa la dizeli, la miaka ishirini na mbili, milango yake mizito kama ya ghala. Mtaani walimwita Dereva hata baada ya kustaafu, na gari walilipa jina la Mlevi, kwa sababu halikujua kupita kituo cha mafuta bila kuingia.

"Kilomita saba kwa lita," alisema. "Siku likiwa na afya."

Mnunuzi alikuwa mfuga kuku, alitaka gari la kubebea mayai na magunia ya chakula cha kuku. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Saba! Mzee, hilo si gari, hilo ni harusi. Kila siku unalisha watu usiowajua." Lakini alitaja bei. Ilikuwa bei ya dharau, na bado ilitosha kubadilisha maisha ya nyumba ile. Dereva akamwambia watamjibu.

Ndani, binti yake alikuwa amekwishapiga hesabu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alimweleza baba yake polepole, kama anayemfundisha mtoto mgumu. Mama alitakiwa hospitali mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, akasafishwe damu kwa mashine, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimegoma. Hospitali ilikuwa kilomita themanini na nne kutoka nyumbani.

"Baba, pensheni yako yote inaishia kwenye tangi. Uza gari, mpange chumba mjini. Kipo kimoja, hatua mia mbili kutoka geti la hospitali. Mama atakwenda kwa miguu."

"Kwa miguu ipi? Hii iliyovimba?"

"Basi kwa kiti cha magurudumu! Mimi nitamsukuma!"

"Mle garini nimemtandikia godoro. Analala kwenda, analala kurudi. Chumba kimoja, choo cha kuchangia na watu kumi, ndiyo mapumziko ya mgonjwa?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna ugomvi mgumu kama wa watu wawili wenye haki. Ila Dereva alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Gari lile ndilo jibu pekee alilokuwa nalo kwa mtu yeyote atakayemuuliza miaka thelathini ilikwenda wapi.

"Profesa amesema anaweza kulifikisha nane," aliongeza. Profesa alikuwa makanika wake. "Kusafisha nozeli za mafuta, matairi, kupunguza uzito. Nane kwa lita, na gharama inajirudisha yenyewe."

"Inajirudisha baada ya muda gani?"

"Mwaka na nusu."

Binti alitazama pazia la chumba cha kulala, akashusha sauti. "Baba, mama anao huo mwaka na nusu?"

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

"Pazia si ukuta, mwanangu," sauti ilisema. "Nasikia."

Mama alitoka akijishikilia ukutani. Alikuwa fundi cherehani, na tangu uchumba wao mumewe alimwita Fundi na yeye akamwita mumewe Dereva, kama vile hapakuwa na fundi wala dereva mwingine duniani. Binti alikuwa amekwishaanza kulia kwa aibu. Mama akamfuta machozi kwa upindo wa khanga na kukaa kati yao.

"Nawapa miezi miwili," alisema. "Mlevi akifika nane, anabaki. Asipofika, anauzwa, na Dereva asifungue mdomo. Pesa ya makanika itoke kwenye cherehani yangu. Iuzeni."

"Fundi, hapana."

"Miguu yangu haikanyagi tena. Naitazama cherehani pale pembeni, naona inanicheka. Iuzeni."

Binti alikubali, kwa sharti moja. "Mwandishi wa kilomita awe mama. Wewe baba utajipendelea."

Walicheka, na kicheko kiliwafaa. Dereva alikwenda kabatini akaleta daftari la safari, la aina ileile aliyojaza kazini: tarehe, kuondoka, kufika, umbali, lita, na mwishoni maelezo. Akamfundisha mkewe sheria yake moja. Daftari la dereva halifutwi. Ukikosea, kosa linabaki pale pale, na unaandika ukweli mstari unaofuata. Miaka thelathini hakuwahi kufuta hata herufi moja.

"Kushona ni rahisi zaidi," Fundi alisema. "Sisi tunafumua."

* * *

Gereji ya Profesa ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa oili. Profesa alikuwa mtu mkweli kwa kadiri biashara yake ilivyomruhusu. Alimwonyesha Dereva sumaku mbili zilizofungwa pamoja kwa skrubu.

"Hii inafungwa kwenye bomba la mafuta. Wanasema inaokoa robo nzima."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi naiuza tu, mzee wangu."

Dereva aliinunua. Mfa maji haachi kutapatapa. Nozeli zikasafishwa, kichujio cha hewa kikabadilishwa, keria ya juu ikafunguliwa, ngao ya mbele ikang'olewa, viti vya nyuma vikatolewa. Kila kilichotoka kilipimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu na kuuzwa hapohapo. Dereva alisimama akitazama gari lake likivuliwa nguo mbele za watu.

"Sasa matairi," Profesa alisema. "Haya mapana ndiyo yanayokula mafuta. Ninayo haya membamba, yametoka kwenye gari dogo kidogo, bado yana meno. Rimu inayakubali."

"Yataleta shida nyingine?"

"Shida gani? Gari litashuka chini kidogo tu. Mama atapanda bila kuinuliwa."

Hapo Dereva hakuuliza tena. Kila Jumanne na kila Ijumaa alimwinua mkewe kumwingiza garini, na kila mara alimhisi mwepesi zaidi juu na mzito zaidi miguuni. Alilipa bila kuomba kupunguziwa. Kazini matairi yalikuja yenyewe, saizi ileile, miaka thelathini. Hakuwahi hata mara moja kuchagua tairi. Na Profesa, ama alisahau, ama aliona halina maana, hakumwambia jambo la mita ya kilomita.

Mtaani walimpokea kwa vigelegele vya dhihaka. Mwili ule mkubwa juu ya matairi yale ulikuwa kichekesho kweli.

"Mzee, gari limevaa sandali!" kinyozi alipiga kelele kutoka kibandani kwake.

"Limeacha pombe," Dereva alijibu. "Ukiacha pombe unakonda."

* * *

Jumanne ya kwanza, walipofika hospitali, Fundi alijiinua kwenye godoro, akasoma mita, akatoa, akaandika umbali. Kilomita tisini na mbili.

Akaitazama namba ile. Ijumaa iliyopita, barabara ileile, mita ilisoma themanini na nne. Hospitali haikuhama. Mtu aliyepima viuno vya watu miaka arobaini hahitaji makanika kumweleza. Zamani panya walimlia tepu ya kupimia, wakakata ncha ya mwanzo, na kwa wiki nzima wateja wake wote walinenepa. Tairi dogo ni tepu iliyoliwa na panya. Linazunguka mara nyingi zaidi kwenye barabara ileile, na mita inahesabu mizunguko, haijui barabara. Mlevi alikuwa anakunywa karibu kama zamani. Kilichoongezeka ni kilomita za kwenye karatasi.

Alifungua mdomo aseme. Dereva alikuwa amesimama nje akifuta kioo chake, na alikuwa anapiga mluzi. Haukuwa wimbo wa maana, ulikuwa mluzi wake wa zamani wa barabarani, unaopanda na kushuka. Tangu siku daktari alipotamka neno figo hakuupiga tena. Fundi alidhani umekufa.

Akafunga daftari. "Tisini na mbili," aliandika, na ndivyo mita ilivyosema. Nani atamlaumu? Mimi siwezi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi mengine huwa ya gari.

Dereva mwenyewe hakulitazama daftari. Kulisoma kungekuwa kujipendelea, na tena barabara ile aliijua kama sala: themanini na nne kwenda, themanini na nne kurudi. Yeye alijaza tangi mpaka mdomoni kila baada ya safari na kumkabidhi mkewe risiti ya lita. Miezi miwili ilipokwisha, binti alikaa na daftari na kalamu nyekundu, akajumlisha umbali kama ulivyoandikwa bila kuuhoji, akagawanya, akarudia kugawanya.

"Nane," alisema kwa mshangao. "Baba, ni nane kweli."

Dereva alijifanya hajasikia ili aambiwe tena. Kisha akainuka, akamshika mkewe mikono miwili na kumzungusha polepole sana katikati ya sebule, hatua mbili tu, maana ya tatu asingeiweza. Binti akampigia simu mfuga kuku kumwambia gari haliuzwi. Fundi alicheka pamoja nao, na alipokaa alikuwa ameshika kifua chake.

* * *

Mwezi uliofuata pensheni ilichelewa. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Dawa zilimaliza pesa iliyokuwepo, na Dereva hakuona sababu ya hofu, kwa kuwa tangi lilikuwa limejaa siku ile ya ushindi. Mshale wa mafuta wa Mlevi ulikuwa umekufa tangu zamani, lakini dereva mwenye hesabu hahitaji mshale. Tangi ni lita themanini. Mara nane, kilomita mia sita na arobaini. Safari tatu za kwenda na kurudi ni mia tano na nne. Ya nne, kwenda tu, themanini na nne. Zinabaki hamsini na mbili za akiba. Na pensheni iliahidiwa kutoka Ijumaa hiyo ya safari ya nne, benki ikiwa mjini, mtaa wa pili kutoka hospitali. Angejaza huko.

Hakumwambia mkewe hesabu hii. Hakutaka mgonjwa awaze mafuta. Naye Fundi, alipokosa kupewa risiti, alidhani mumewe anazitunza mwenyewe sasa, maana shindano limekwisha.

Ijumaa asubuhi, zikiwa zimebaki kilomita kumi na moja, Mlevi akakohoa mara mbili na kunyamaza. Dereva alimwacha aserereke hadi pembeni ya barabara. Akafungua boneti, akapampu kwa mkono, akarudi kwenye ufunguo. Kimya. Akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti kirefu. Kijiti kilitoka kikavu.

"Haiwezekani," alisema. "Wameniibia. Usiku wamenyonya mafuta."

"Dereva."

"Nina akiba ya kilomita hamsini na mbili! Nimepiga hesabu mwenyewe!"

"Dereva, njoo ukae." Alimsogezea miguu, mumewe akakaa ukingoni mwa godoro. "Kutoka nyumbani hadi hospitali ni kilomita ngapi?"

"Themanini na nne. Swali gani hilo?"

Akampa daftari. "Soma umbali."

Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akashuka na kidole mpaka chini ya ukurasa. Tisini na mbili. Tisini na mbili. Tisini na mbili. Hakuuliza maana yake. Aliinamisha kichwa nje ya mlango, akayatazama matairi membamba, na miaka yake thelathini ikamrudia yote kwa pamoja, ikamwaibisha.

"Ulijua."

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia, Fundi? Jamani, kwa nini?"

"Ulikuwa umeanza kupiga mluzi."

Dereva alifunika uso kwa viganja. Malori yalipita, kila moja likiwatikisa.

"Mimi sikujua kama unapimapima mafuta," Fundi alisema. "Nilidhani unajaza. Ningejua ningesema, wallahi. Nilidhani tunapoteza pesa tu, na pesa haijawahi kutupenda. Sasa nenda. Dumu liko chini ya kiti. Saa yangu kwenye mashine ni saa tatu."

Lori la matofali lilimchukua Dereva mpaka kituo cha kwanza cha mafuta. Hakuwa na shilingi. Alimweleza dada wa kwenye pampu kwamba pensheni yake iko benki, kwamba mkewe yuko njiani, kwamba atarudi baada ya saa mbili. Kisha akatoa leseni yake na kuiweka juu ya pampu iwe rehani.

Dada aliigeuzageuza. "Mzee, leseni hii imekwisha muda mwezi uliopita."

"Ndiyo," alisema Dereva. "Nilikuwa nangoja pensheni."

Dada alimtilia lita tano kwenye dumu, akamrudishia leseni yake. Alimwambia aende tu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alimkuta Fundi amelala ubavu, daftari kifuani, kalamu mkononi, akipumua kwa vipande. Dizeli ikiisha, hewa huingia kwenye mirija na lazima itolewe kidogokidogo. Alifungua nati, akapampu, akafunga, akafungua tena. Walifika hospitali saa saba mchana.

Muuguzi wa zamu hakuwa mtu mbaya. "Mama, mashine yako amepewa mwingine. Mashine tano, wagonjwa ishirini na mbili. Tulikungoja nusu saa."

"Mafuta yaliisha," Dereva alisema.

"Pole, baba. Njooni Jumapili asubuhi. Akikosekana mtu, nitamwingiza."

Walirudi nyumbani kwa pensheni iliyokwishatoka, tangi limejaa. Jumamosi mchana Fundi alianza kukosa pumzi. Walimkimbiza hospitali na binti akiwa amempakata nyuma, na Dereva aliendesha kwa kasi kuliko alivyowahi kumwendesha mkubwa yeyote. Madaktari wakampa walichokuwa nacho, oksijeni na dawa ya kupunguza maji, na Jumapili wakamweka kwenye foleni ya mashine. Alifariki saa nne asubuhi, kwenye kitanda cha magurudumu kwenye ukumbi, watu wawili mbele yake. Neno lake la mwisho la maana alimwambia binti: "Baba yako asiendeshe akiwa analia."

Daktari alisema si lazima iwe ni kwa sababu ya Ijumaa ile, moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi. Alisema hivyo kwa wema, na Dereva aliupokea wema huo kama mtu anayepokea chenji pungufu bila kuhesabu.

* * *

Siku ya arobaini ilipopita, mfuga kuku alirudi. Binti ndiye aliyemwita. Dereva hakupinga, tangu msiba alikuwa akipita kando ya gari bila kuligusa.

"Nimesikia sasa linakwenda nane," mfuga kuku alisema. Safari hii hakulipiga teke gurudumu. "Kama ni nane, naongeza. Mnalo daftari?"

Binti alilileta. Mfuga kuku akafunua kurasa, akasifu. "Huu ndio mwandiko. Hakuna hata palipofutwa. Nane safi kabisa, mzee. Naongeza robo ya bei."

"Saba," Dereva alisema.

"Nini?"

"Saba na kitu kidogo. Hayo matairi ni madogo, mita inadanganya. Ukirudisha matairi yake, utaona."

Mfuga kuku alimtazama mzee, akamtazama binti, akatafuta mahali penye utani, akapakosa. Binti alikuwa amegeuka. Mengine ya Ijumaa ile aliyajua, hili hakuwa amelijua.

"Baba, mama aliandika uongo?"

"Mama yako hakuandika uongo hata mstari mmoja. Aliandika kile gari lilichosema. Nenda kahesabu mistari yote. Mimi ndiye niliyeshindwa kusoma."

Mfuga kuku alilipa bei ile ya kwanza, ya dharau, na wakati huu aliitoa kwa mikono miwili. Aliomba daftari liende na gari. Dereva akasema gari ni lake, daftari halikuuzwa. Mlevi aliondoka akiyumba kwenye kona ya kinyozi, na kinyozi akasimamisha mkasi mpaka alipopotea.

Dereva alikaa kwenye kibaraza na daftari magotini. Alifunua mpaka mstari wa mwisho, wa Ijumaa. Kuondoka kulikuwa kumeandikwa, kufika hapana. Lakini kwenye safu ya maelezo, pale ambapo kwa miaka yote ya kazi yeye aliandika pancha, mvua, bosi amechelewa, palikuwa na maneno kwa mwandiko wa Fundi. Yalikuwa yamepinda, yakishuka nje ya mstari, ya mtu aliyeandika akiwa amelala, peke yake, malori yakipita.

*Mafuta yaliisha. Kosa la mwandishi.*

Aliyasoma mpaka yakapoteza sura. Akamwita binti yake amletee kalamu, naye akaleta ile nyekundu ya kusahihishia watoto. Dereva akaweka daftari sawa juu ya paja, akakata neno la mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: *dereva*.